Ukiajiri mtu California: kodi za mishahara unazodaiwa na jimbo

Aliyewahi kuajiri watu Tanzania au Kenya amezoea utaratibu wa taifa zima: PAYE inakwenda TRA au KRA, michango inakwenda NSSF, na sheria ni ileile uwe Mbeya au Mombasa. Akifika Marekani na kufungua biashara yake, macho yote anayaelekeza kwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Anajifunza habari za Social Security na Medicare, makato ya serikali kuu ya pensheni na ya matibabu ya wazee, anatoa W-2, hati ya mshahara na makato ya mwaka, anaona amemaliza. Kumbe jimbo nalo ni serikali kamili, lina idara yake ya kodi za ajira, fomu zake, tarehe zake na faini zake. Halimsubiri IRS wala halipokei salamu kutoka kwake.

Nimechukua California kwa sababu wenzetu wengi wa San Diego, Los Angeles na Sacramento wana migahawa, kampuni za usafi, vituo vya kulelea watoto na nyumba za kutunza wazee, na kwa sababu jimbo hili lina makato mengi kuliko mengi ya majimbo. Ukilielewa hili, kwingine utajisaidia. Viwango ninavyotaja ni vya mwaka 2025 pale ambapo sijasema vingine. Baadhi hubadilika kila Januari, kwa hiyo mwaka ukianza ingia tovuti ya EDD, idara ya jimbo inayokusanya kodi hizi, uvitazame upya.

Hatua ya kwanza: amua kwa haki kama huyo ni mfanyakazi

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, na ndiyo sababu nitakaa hapa kidogo. Kauli inayozunguka mitaani ni hii: "Mlipe kwa 1099, kila mtu abebe kodi yake." Fomu ya 1099, ile ya malipo ya mtu asiye mfanyakazi wako, haimgeuzi mtu kuwa mkandarasi, yaani aliyejiajiri. Hata mkataba mliosaini wote wawili kwa hiari haumgeuzi. California inapima kwa masharti matatu, yaliyowekwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2018 katika kesi ya kampuni ya kusafirisha vifurushi ya Dynamex, kisha yakaingizwa katika sheria ya AB 5 iliyoanza kutumika Januari 1, 2020. Sheria inaanza kwa kudhani kuwa mtu uliyemlipa ni mfanyakazi wako. Ukisema si mfanyakazi, ni juu yako kuthibitisha yote matatu: kwamba humwelekezi wala humsimamii namna ya kufanya kazi yake, kwamba kazi hiyo iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yako, na kwamba yeye ana biashara yake ya kujitegemea katika fani hiyohiyo.

Sharti la kati ndilo linalowaangusha wengi. Una kampuni ya usafi na umemtuma dada akasafishe ofisi za mteja. Usafi ndiyo biashara yako, basi dada huyo ni mfanyakazi wako, hata kama anafanya siku mbili tu kwa wiki, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba alipwe keshi. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki la ofisi yako, ana leseni yake na wateja wake kumi wengine, huyo ni mkandarasi. Zipo fani ambazo sheria imeziondoa katika kipimo hiki na kuzipima kwa kipimo cha zamani, lakini kila moja ina masharti yake, na usijitoe mwenyewe kwa kusikia tu kwamba fulani ametolewa.

Ukibainika kuwa ulimwita mtu mkandarasi kwa makusudi huku ukijua, faini inaanzia dola 5,000 hadi 15,000 kwa kila kosa, mbali na kodi zote ulizopaswa kulipa. Lakini linalonigusa zaidi ni mtu mwenyewe. Yule mama wa usafi akiumwa miezi miwili, au kazi ikiisha, anakwenda kuomba msaada anakuta jina lake halimo kwenye rekodi za jimbo. Alifanya kazi miaka, na kwa serikali ni kama hakuwahi kuonekana kazini.

Na ndugu je? Wengi tunaanza biashara na watu wa nyumbani. Kama biashara ni ya mtu binafsi, haijasajiliwa kuwa shirika la Inc., basi mshahara wa mume au mke wako, wa mtoto wako aliye chini ya miaka 18, na wa baba au mama yako umesamehewa kodi tatu kati ya nne za jimbo nitakazozieleza. Kodi ya mapato bado ipo. Msamaha unaishia hapo. Mdogo wako, mpwa, binamu, shemeji na wifi ni wafanyakazi kama mtu mwingine yeyote, hata kama wanalala sebuleni kwako na unawalipia simu. Na ukishasajili biashara kuwa Inc., hata mama yako mzazi anahesabiwa.

Hatua ya pili: jisajili EDD

Anza kwa IRS upate namba ya mwajiri, ile FEIN. Inatolewa bure mtandaoni. Kisha ingia kwenye mfumo wa EDD unaoitwa e-Services for Business na ujisajili kuwa mwajiri. Muda unaanza kuhesabiwa pale utakapokuwa umelipa mishahara inayozidi dola 100 ndani ya robo moja ya mwaka, na kuanzia hapo una siku 15. Dola 100 ni siku moja ya kazi, kwa hiyo kwa vitendo jisajili kabla ya kulipa mshahara wa kwanza. Aliyeajiri msaidizi wa nyumbani au yaya nyumbani kwake ana kiwango chake: wajibu unaanza mishahara ya keshi ikifikia dola 750 kwa robo mwaka.

Utapewa namba ya tarakimu nane. Hiyo ndiyo namba yako ya jimbo, na si sawa na FEIN. Wanaozichanganya hujikuta malipo yao yanaelea bila kujulikana ni ya nani. Tangu 2018 waajiri wote wa California, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wanatakiwa kuwasilisha hesabu na kulipa kwa njia ya mtandao.

Jambo moja lisilo kodi lakini linaloambatana na hatua hii: bima ya ajali kazini ni lazima hata kwa mfanyakazi mmoja, nayo hununuliwa kwa kampuni ya bima, haipo EDD.

Hatua ya tatu: zijue kodi nne na nani anazibeba

Mbili zinatoka mfukoni mwako. Ya kwanza ni UI, bima ya ukosefu wa ajira. Mwajiri mpya analipa asilimia 3.4 kwa miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo, kisha kiwango chake kinapangwa kulingana na historia yake, kati ya asilimia 1.5 na 6.2 kwa jedwali linalotumika sasa. Ya pili ni ETT, kodi ndogo ya mafunzo ya kazi, asilimia 0.1. Zote mbili zinatozwa kwenye dola 7,000 za kwanza anazolipwa kila mfanyakazi kwa mwaka, zikipita hapo unaacha kulipa hadi Januari nyingine. Ni kosa kumkata mfanyakazi fedha hizi. Ni zako wewe.

Mbili nyingine zinatoka kwenye mshahara wake, na kazi yako ni kuzikata na kuzifikisha. SDI ni bima inayomlipa mfanyakazi akiugua, akijifungua, au akilea mtoto mchanga na kuuguza wa nyumbani mwake. Mwaka 2025 ilikuwa asilimia 1.2, na tangu Januari 1, 2024 haina ukomo: inakatwa kwenye mshahara wote, uwe mdogo au mkubwa. Ya mwisho ni PIT, kodi ya mapato ya jimbo, ambayo inategemea mshahara na maelezo aliyojaza mfanyakazi kwenye fomu ya DE 4.

Fedha hizi mbili za mwisho ni amana. Zimeshakuwa za mfanyakazi na za jimbo tangu dakika ulipozikata. Kukaa kwake kwenye akaunti yako hakuzifanyi zako. Kodi ya pango ikikubana, ikakushawishi "uzikope" kidogo, ujue kuwa sheria inaruhusu EDD kumdai binafsi mmiliki au mkuu wa kampuni aliyeacha kulipa kwa makusudi. Ile kinga ya "deni ni la kampuni, si langu" hapa haikusaidii.

Hesabu ya mpishi mmoja

Tuchukue mgahawa wa pilau na nyama choma uliomwajiri mpishi Januari 2025 kwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, analipwa kila baada ya wiki mbili. Mshahara kabla ya makato ni dola 1,600.

Wewe unadaiwa UI dola 54.40 na ETT dola 1.60, jumla dola 56. Yeye unamkata SDI dola 19.20, na PIT kwa kadiri ya DE 4 yake. Upande wa serikali kuu unamkata Social Security dola 99.20 na Medicare dola 23.20, nawe unaongeza kiasi kilekile kutoka mfukoni, juu ya kodi ya mapato ya serikali kuu unayomkata.

Malipo manne ya kwanza yanafikisha dola 6,400. Malipo ya tano yanapoingia, zimebaki dola 600 tu kufika 7,000, kwa hiyo UI ni dola 20.40 na ETT senti 60. Kuanzia malipo ya sita hulipi UI wala ETT kwa mpishi huyo mwaka mzima. Kwa mwaka umelipa dola 245, basi. SDI yake inaendelea hadi Desemba na kufikia dola 499.20.

Katika hesabu hii kuna mambo mawili ambayo wenye biashara hawayaoni hadi yawabane. Mzigo wako wa jimbo unaangukia miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati mauzo ya wengi yako chini baada ya sikukuu. Weka akiba ya Januari hadi Machi tangu Novemba. La pili: zile dola 7,000 zinahesabiwa kwa kila mtu, si kwa kila nafasi. Mpishi akiondoka Aprili ukaajiri mwingine, hesabu inaanza sifuri. Wapishi watatu kwa mwaka mmoja, kila mmoja akivuka dola 7,000, ni dola 735 badala ya 245. Kumtunza mfanyakazi aliyepo kuna faida hata kwenye kodi.

Hatua ya nne: karatasi za siku ya kwanza

Mfanyakazi mpya ajaze W-4 ya serikali kuu na DE 4 ya jimbo. Asipokupa DE 4, mkate kama mtu asiye na ndoa na asiye na posho yoyote ya msamaha, yaani kwa kiwango cha juu. Mweleze hivyo mapema asije akadhani unamwibia. Jaza naye I-9 ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi. Kisha, ndani ya siku 20 tangu alipoanza, mripoti EDD kwa fomu ya DE 34. Ripoti hii husaidia jimbo kupata wazazi wanaodaiwa matunzo ya watoto, na kugundua anayepokea fedha za ukosefu wa ajira huku ana kazi.

Kila unapolipa, mpe hati ya mshahara inayoonyesha saa, malipo na kila kato kwa jina lake. Mtu aliyeona maneno "SDI 19.20" kwenye hati yake atajua siku akiugua pa kukimbilia.

Hatua ya tano: kulipa na kuripoti

Wengi wanachanganya vitu hivi viwili. Kulipa ni kutuma fedha, kwa fomu ya DE 88 ndani ya mfumo wa mtandaoni. Kuripoti ni kueleza fedha hizo zilikuwa za nani, kwa fomu za DE 9 na DE 9C. Kimoja hakikufutii kingine.

UI na ETT hulipwa kila robo mwaka. SDI na PIT huenda kwa kasi inayotegemea ratiba yako ya IRS na kiasi cha PIT ulichokusanya. Kwa biashara ndogo ambayo IRS imeiweka kwenye ratiba ya kila mwezi, kipimo ni dola 350 za PIT: ikiwa chini ya hapo unalipa kwa robo mwaka, ikifika, unalipa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wenye mishahara mikubwa wanalipa mara nyingi zaidi, hata ndani ya siku chache baada ya siku ya mshahara.

DE 9 ni jumla ya robo mwaka. DE 9C inataja kila mfanyakazi, mshahara wake na PIT aliyokatwa. Mwisho wa kuwasilisha ni Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31 na Januari 31. Ziandike ukutani jikoni kama ikibidi. Hata kama robo hiyo hukumlipa mtu yeyote, wasilisha ripoti ya sifuri. Ukinyamaza, EDD haijui kama ulifunga duka au umekwepa, na inaweza kukukadiria kodi yenyewe.

Kuchelewa kulipa kunaleta faini ya asilimia 15 ya kiasi kilichochelewa, pamoja na riba. Ukichelewesha dola 2,000, umejiongezea dola 300 kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Kuchelewesha DE 9C nako kuna faini ya dola 20 kwa kila jina la mfanyakazi.

Ushauri wangu ni mmoja, na nautoa kwa kila ninayemjali: fungua akaunti ya pili ya benki kwa ajili ya kodi tu, na siku hiyohiyo unayolipa mshahara, hamisha makato yote na sehemu yako kwenda humo. Usingoje tarehe ya mwisho. Programu za mishahara zinafanya kazi nzuri na kwa wengi zinastahili gharama yake, lakini programu ikikosea au mhasibu akisahau, barua inakuja kwako. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya EDD kila robo mwaka uone kuwa fedha zimepokelewa.

Mwisho wa mwaka mfanyakazi apate W-2 yake kufikia Januari 31. California haidai nakala ya W-2 itumwe kwa jimbo, kwa kuwa taarifa hizo wanazo tayari kwenye DE 9C zako. Ndiyo maana DE 9C iliyokosewa inamsumbua mfanyakazi pia: kodi aliyokatwa haionekani.

Barua zisizopaswa kukaa juu ya friji

Mfanyakazi wako wa zamani akiomba malipo ya ukosefu wa ajira, EDD inakutumia DE 1101CZ. Una siku 10 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua kueleza aliondoka kwa sababu gani. Kama alipunguzwa kazi kwa sababu biashara ilikuwa mbaya, ana haki yake, mwache aipate. Kama aliacha mwenyewe au alifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, eleza ukweli na tarehe, kwa sababu malipo yanayotoka yanaweza kuhesabiwa kwenye akaunti yako na kupandisha kiwango chako cha UI miaka inayofuata. Barua ya kiwango kipya, DE 2088, hutumwa kila Desemba, na unazo siku 60 za kuipinga.

Kuna pia jambo la serikali kuu linalotokana na madeni ya jimbo. FUTA, kodi ya serikali kuu ya ukosefu wa ajira, ni asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza, lakini mwajiri aliyelipa UI ya jimbo kwa wakati hupunguziwa hadi asilimia 0.6, yaani dola 42 kwa mtu. California ilikopa fedha nyingi serikali kuu kulipa wasio na kazi wakati wa korona, haijamaliza kuzirudisha, na tangu mwaka wa kodi 2022 punguzo hilo limekuwa likiliwa kidogo kidogo. Kwa mwaka 2024 nyongeza ilifika asilimia 0.9, hivyo FUTA ya mtu mmoja ikawa dola 105. Inalipwa na fomu 940 ya Januari. Wengi hushtuka wakidhani mhasibu amekosea.

Walio majimbo mengine, na wenye malori

Texas haina kodi ya mapato ya mishahara, lakini bima ya ukosefu wa ajira ipo, kwenye dola 9,000 za kwanza, chini ya idara inayoitwa Texas Workforce Commission. Washington nayo haikati kodi ya mapato, ila ina bima ya likizo ya ugonjwa na uzazi, mchango wa matunzo ya uzeeni wa asilimia 0.58 uitwao WA Cares, na bima ya ajali inayolipwa kwa idadi ya saa kupitia jimbo lenyewe. Wenye nyumba za wazee kule wanayajua haya. Ohio inaongeza kodi ya mji: kwa mfano, Columbus inakata asilimia 2.5. Anayehama jimbo na biashara yake asihamishe mazoea yake.

Kwa dereva anayevuka majimbo matano kwa wiki, UI hailipwi kote alikopita. Inalipwa jimbo moja, kwa maswali yanayoulizwa kwa mpangilio huu: kazi yake hasa inafanyika wapi? Kama haina mahali pamoja, kituo anachoanzia na kurudia kiko wapi? Kama huko hafanyi kazi yoyote, anaelekezwa kutoka wapi? Na kama nako hafanyi kazi, anaishi wapi? Swali la kwanza lenye jibu la wazi ndilo linaloamua, nalo huwa halihusu bamba la lori limesajiliwa wapi.

Ukifunga biashara

Usizime taa ukaondoka. Una siku 10 za kuwasilisha DE 9 na DE 9C za mwisho na kulipa kilichobaki, kisha ufunge akaunti yako ya mwajiri ndani ya mfumo. Rekodi za mishahara, hati za malipo na nakala za fomu zote zihifadhi kwa angalau miaka minne, mahali ambapo mtu mwingine wa familia anaweza kuzipata wewe ukiwa umesafiri.